Kanga ya Mkwe Ndani ya Plasta

Alhamisi, 12 Agosti 1982. Alfajiri baridi na umande, kuanzia saa nne jua kali, upepo wa vumbi kutwa nzima, mawingu hakuna.

Leo nimeaibika mbele ya watu wasiopungua arobaini, na mmoja wao ni mama mkwe wangu. Nayaandika siku hii hii kwa sababu Jumapili kuna mpira Namungo na najua habari itafika uwanjani kabla yangu, imeshaota mkia na pembe, sasa ninyi wenzangu mtakaponizunguka pale mkiniuliza kama ni kweli nitawasomea humu daftarini, neno kwa neno, maana nikisimulia kwa mdomo huwa najipendelea. (Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mpangilio mnivumilie. Tukio lenyewe halikuwa na mpangilio.)

Binti yangu Somoe mnamjua. Ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo. Mtaalamu wa viungo alitueleza maana yake: si kwamba akili imepungua, ila ile sehemu ya ubongo inayotuma amri kwa misuli iliumia siku alipozaliwa, basi miguu inajikaza yenyewe, inapishana kama mkasi, na visigino vinapaa havitaki kugusa chini. Akili anayo, na sisi tunaoishi naye tunaona mara nyingine anatuzidi. Maneno ndiyo yanamtoka moja moja, kama mtu anayeshusha magunia kwenye lori peke yake, lakini yakishuka yanakaa yalipotakiwa kukaa.

Huyo mtaalamu anaitwa Bwana Elinami, mtu wa Upareni, anakaa Lindi na anakuja kliniki ya Nachingwea mara moja kila miezi mitatu. Ndiye aliyetufundisha mazoezi ya kila asubuhi: kuusukuma unyayo juu polepole huku nahesabu hadi thelathini, kumpandisha juu ya gunia lililojazwa pumba akae kama amepanda punda ili mapaja yaachane, kumsimamisha kati ya masanduku mawili. Tumefanya mwaka mzima. (Kusema kweli mama yake ndiye aliyefanya. Mimi nimefanya labda siku moja kati ya tatu, na siku za mavuno ya ufuta sikufanya kabisa.) Safari iliyopita Bwana Elinami alimpima kisigino akasema sasa wakati wa viatu vya chuma umefika, vile vyenye vyuma viwili pembeni na mkanda chini ya goti, na ili fundi wa Lindi avitengeneze inabidi miguu ya mtoto ifungwe plasta, ikauke, ivuliwe, ile plasta ndiyo iende Lindi kama kipimo. Akasema pia, na hili alilisema akiniangalia mimi, kwamba kisigino kikiachwa miezi mitatu mingine kitakaza kiasi ambacho hakuna kiatu kitakachoingia. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Shida ni kwamba Somoe hakutaka. Aliwahi kumwona jirani yetu aliyeanguka kwenye mkorosho akafungwa hogo, yaani plasta ngumu, mguu mzima, na huyo jirani mguu ulipofunguliwa ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Tangu hapo ukitaja plasta Somoe anakunja uso. Na bibi yake alikuwa upande wake.

Hapo nimefika kwa mkwe. Mimi nilioa kijijini Nandagala na nakaa kwao mke wangu, kama ilivyo kawaida yetu Wamwera, na heshima baina yangu na mama mkwe tumeishika sawasawa. Kwa miaka minane sijamwita na yeye hajaniita. Nikimwona njiani nakata porini. Sili mbele yake, sikai kitini yeye akiwa mkekani, na mguu wangu kuanzia goti kwenda juu hajauona wala hatakiwi kuuona mpaka mmoja wetu aondoke duniani. Tukitaka kuambiana jambo tunalipitisha kwa mtu wa kati, na mtu wetu wa kati tangu aanze kusema ni Somoe. Mke wangu amejifungua siku ishirini zilizopita, hawezi kupanda lori na kichanga, kwa hiyo waliosafiri leo walikuwa mimi, mkwe, na Somoe katikati yetu.

Tulifika Nachingwea saa tatu na nusu na lori la ufuta. Kliniki ilifanyiwa barazani kwa kuwa ndani kulikuwa na giza. Meza moja ndefu, ndoo ya maji, na bendeji za plasta zimepangwa juu ya gazeti. Nilizihesabu: zilikuwa kumi na mbili, kwa watoto watatu, nne kila mtoto. Hizo bendeji za dukani hazipo siku hizi, Bwana Elinami alikuwa amezitengeneza mwenyewe usiku uliotangulia, anasugua unga wa plasta kwenye kitambaa cha bendeji kwa viganja na kukiviringisha. Kina mama wamekaa kwenye mabenchi na watoto wao, wagonjwa wengine wamesimama kwenye mstari wa dirisha la dawa, na mkwe wangu amejitenga kwenye kona, amenipa mgongo kwa heshima.

Zamu yetu ikafika na Somoe akasema neno moja, sitaki, na miguu ikajifunga. Bibi yake akasema na ukuta kwamba mtoto akisema hataki ana sababu zake. Bwana Elinami akaangalia saa. Ndipo mimi, ambaye sikuulizwa na mtu yeyote, nikasema maneno ambayo nayajutia mpaka sasa: nifungeni mimi kwanza, mtoto aone.

Bwana Elinami hakutaka, nimtendee haki, alisema bendeji ni za kuhesabu. Nikamwambia moja tu, kwenye kifundo cha mguu. Akakubali. Nikapanda mezani, nikaikunja bugaluu yangu (ile ya kahawia, pana chini, ndiyo suruali pekee ninayoweza kuivaa mbele za watu) mpaka juu ya magoti. Akachukua kopo la mafuta ya mgando anipake kwanza, na hapo ndipo nilipofanya kosa nikidhani natenda haki: nilisema hapana, msipoteze mafuta ya watoto kwa mguu wa mtu mzima. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Mimi ni mtu ambaye sina hakika hata na siku ya kupanda kunde, sijui leo hakika niliitoa wapi.

Akaloweka moja, akafunga kifundo. Ikawa ya ubaridi, nzuri tu. Somoe akaangalia kwa makini akasema, "Mpaka gotini." Bwana Elinami akanitazama, mimi nikatazama bendeji, nikasema ongeza moja. Ikafika gotini. Somoe akasema, "Na huu." Yaani mguu wa pili. Hapo mtu mwenye busara angekataa, lakini nilimwona amefungua uso, ameanza kusogea mezani kwa makalio, nikaona tukikata sasa tumempoteza. Ikaenda ya tatu na ya nne. Kama mnahesabu, nilikuwa nimevaa kipimo chote cha mtoto mmoja.

Basi wakati imelowa bado na mimi nimekaa nimetanua miguu kama nilivyoagizwa, akatoka karani mbio kusema simu ya Lindi imeingia na inamtaka Bwana Elinami. Simu ya Lindi si kitu cha kuambiwa subiri. Akaniambia nisitikisike, dakika tano tu, miguu iachane hivyo hivyo, akaondoka.

Somoe akanitazama baba yake, miguu miwili myeupe imechanuliwa juu ya meza, akaanza kucheka. Na Somoe akicheka anacheka mwili mzima, kichwa kinaenda nyuma na sauti inapanda juu sana, kwa hiyo bibi yake kule kwenye kona, ambaye alikuwa ametupa mgongo, alidhani mtoto anaumizwa. Akageuka.

Sasa tazameni. Mkwe ameona mapaja yangu. Nimeona kwamba ameyaona. Na yeye ameona kwamba nimeona. Alichofanya ni kile ambacho mwanamke yeyote mwenye adabu angefanya, simlaumu hata kidogo: alivua kanga ya mabegani, akaja kinyumenyume hatua kama nane, akanitupia miguuni bila kuangalia. Na mimi nilichofanya ni kile ambacho mkwe yeyote mwenye adabu angefanya: nilibana miguu. Nilibana kwa nguvu zangu zote, mapaja, magoti na vifundo, kanga ikaingia katikati kama mboga ndani ya tonge, na plasta yote ilikuwa bado uji.

Nilijua kosa hapo hapo. Lakini ningemwambiaje? Sikuweza kumwambia mkwe uso kwa mgongo avute kanga yake kwenye miguu yangu. Nikasema, "Somoe, mwambie bibi aitoe kanga upesi." Somoe bado anacheka. Akijaribu kusema, kicheko kinamrudisha mwanzo. Akafika kwenye "bibi", akavuta pumzi, akafika kwenye "kanga", akavuta pumzi, na mimi nasikia joto linaanza kupanda miguuni, maana plasta ikishika inachemka, hilo hakuna aliyeniambia. Mwishowe neno likafika. Mkwe akafikiri. Akajibu kupitia kwa Somoe, kwa urefu, kwamba amwambie baba yake kanga hawezi kuitoa kwa sababu akiitoa aibu inabaki pale pale, kwa hiyo yeye baba mtu atafute kwanza kitu kingine cha kujifunikia, shuka ya hospitali au hata gunia, ndipo kanga itoke. Somoe alisikiliza yote hayo mpaka mwisho, akanigeukia akasema, "Hataki."

Tuliambiana mara tatu kwa njia hiyo. Sikuwa na saa, labda zilikuwa dakika tano, labda kumi. Mara ya tatu mkwe akakubali, akashika pindo la kanga nyuma ya mgongo wake akavuta, na badala ya kanga kutoka nikavutika mimi. Nilisogea juu ya meza kama gogo. Miguu miwili imekuwa mmoja.

Kina mama wa kwenye benchi walikuwa wamejizuia muda mrefu, nimtendee haki kila mmoja wao, lakini hapo walishindwa. Na mkwe naye akawa amekwama, maana mwanamke wa umri wake hawezi kuondoka na kanga moja kichwa wazi, na hawezi kukaa mbali na kanga yake, kwa hiyo alisimama pale amelishika pindo, amenipa mgongo, mimi nimefungwa upande wa pili, kama mtu aliyeleta mbuzi mnadani. Watu wa mstari wa dawa wakaacha mstari.

Kama hiyo haikutosha, akapita Alfonsi, mhudumu wa wodini, Mngoni wa Songea, na Mngoni kwetu ni mtani, hana mpaka na huwezi kumkasirikia. Akaweka chini ndoo aliyobeba, akanizunguka meza nzima polepole. Akasema, "Babu zangu walihangaika kuwafukuza Wamwera porini wawakamate. Huyu amejileta mwenyewe, ameshafungwa, na kamba anashika mkwewe." Halafu akaanza kuniuza. Alininadi pale barazani kwa wagonjwa, akaeleza meno yangu, akasema mtumwa huyu hatoroki, ukimweka mlangoni jioni utamkuta asubuhi. Kuna mzee mmoja mwenye kikohozi alitaka kujua kama nauzwa pamoja na kanga. Mabega ya mkwe yalikuwa yanatetemeka, na mpaka sasa sijui kama alikuwa analia au anacheka. Sitaandika nisilolijua.

Bwana Elinami akarudi. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aligonga plasta kwa kidole, ikalia ko ko. Akatazama gazeti, bendeji zimebaki nane. Akasema taratibu kabisa kwamba kuna watoto watatu. Ile ndiyo aibu yenyewe, wenzangu, si ya mapaja. Mmoja wa wale watoto wengine, mvulana wa kijiji cha Chunyu, mama yake alikuwa amelala njiani ili awahi, na alikuwa anacheka pamoja na wenzake bila kujua kwamba nimevaa viatu vya mtoto wake.

Lakini kwanza Somoe. Alikuwa ameacha kucheka. Aliona kisu kinatoka, akaniuliza kwa utaratibu wake, "Baba. Inauma?"

Nikasema, "Haiumi."

Bwana Elinami alikata mbele, mguu wa kulia kisha wa kushoto, kwa ustadi, hakunigusa ngozi. Kanga ilikwama katikati, ikabidi aikate kipande cha ukubwa wa kiganja kibaki humo. Kisha akashika kingo mbili za plasta akasema vumilia, akafungua. Mimi ni mtu wa vinyweleo vingi miguuni. Mafuta nilikataa. Kila unyweleo ulikuwa umemezwa na plasta na ukabaki nayo. Nilipiga kelele ambayo nadhani waliisikia sokoni, na neno lililonitoka, kama linavyomtoka mtu yeyote, lilikuwa, "Mama!"

Na mkwe wangu, baada ya miaka minane, akageuka akanitazama usoni akasema, "Nipo hapa."

Hata Alfonsi aliacha mnada akaokota ndoo yake.

Somoe akasema, "Ulisema haiumi." Alikuwa ameshakunja uso, na miguu imeanza kupishana tena. Nikaona miezi mitatu inaondoka, nikaona kisigino kinakaza, yote kwa sababu ya ulimi wangu. Sikuwa na jingine la kumwambia isipokuwa lilivyo. Nikamwambia nimesema uongo, inauma, inauma sana, lakini kinachouma ni vinyweleo kung'oka kwa sababu nilikataa mafuta, na ile plasta yenyewe ni ya ubaridi kwanza halafu ya moto kidogo, basi. Nikamwonyesha mguu wangu, mwekundu na laini kama wa kuku aliyenyonyolewa.

Aliuangalia muda mrefu. Akavuta gauni lake, akauangalia wa kwake. Akasema, "Mimi sina nywele." Halafu akasema, "Mafuta. Mengi."

Alipakwa mafuta mpaka akang'aa. Bwana Elinami akasema anahitaji watu wawili, mmoja kila upande, wa kuiachanisha miguu na kusukuma visigino chini wakati yeye anafunga, na wasiachie mpaka aseme. Watu wa Somoe walikuwa wawili tu. Mkwe akaja upande wa kulia, mimi wa kushoto, tumetazamana juu ya meza, jambo ambalo nikimwambia mke wangu hataamini. Mguu wa kulia ukaanza kuvuta ndani, nikasema Somoe, mwambie bibi ashushe mkono kidogo uje kwenye goti. Mkwe akasema Somoe, mwambie baba yako asisukume haraka, ahesabu. Mtoto amelala chali, amekaza meno, anafanya kazi ngumu kuliko sisi wote, ya kuiachia misuli isiyotaka kuachia. Akafumbua macho akatutazama huku na huku.

"Semeni wenyewe," akasema.

Tukasema wenyewe. Hatukusema mengi. Goti, mama. Nimeshika. Taratibu. Nahesabu. Tulifika thelathini mara nne, mkwe anahesabu kwa Kimwera na mimi kwa Kiswahili, tunapishana, na plasta ikashika. Zilipovuliwa hazikung'oa kitu. Bwana Elinami alizisimamisha mezani, vimiguu viwili vyeupe, vimenyooka, visigino vyote viwili chini kabisa, akaandika ubavuni kwa penseli jina la Somoe na kulia na kushoto. Somoe alizishika. Alipitisha kidole kwenye kisigino cha plasta kwa muda, kisha akatuangalia kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya kwanza.

Zikabaki bendeji nne kwa watoto wawili. Nilimfuata mama wa Chunyu nikamwambia mimi ndiye, nikamwomba radhi, naye akaniambia kicheko chake kimelipia nusu, nusu nyingine nitafute. Unga wa plasta ulikuwepo kwenye debe, kitambaa ndicho hakikuwepo, basi Alfonsi (utani una upande wake wa pili) akatuletea chandarua kilichochanika kutoka stoo, tukakikata vipande, na mimi na mkwe tukakaa barazani mpaka saa tisa tunasugua unga kwenye vipande vya chandarua, yeye mwisho huu wa mkeka na mimi mwisho ule. Bwana Elinami alizijaribu akasema si nzuri ila zinashika. Watoto wote watatu wamepimwa leo, na plasta zote sita zimepakiwa kwenye sanduku la Lindi. Ile yangu, ya miguu miwili na kipande cha kanga, Alfonsi ameiweka chini ya mlango wa wodi usijifunge na upepo. Nimeiomba akakataa.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitamwambia tena mtoto kwamba kitu hakiumi kabla mimi mwenyewe sijafika mwisho wake. La pili, sitayakosa mazoezi ya asubuhi, maana viatu vikija vitahitaji mguu uliozoea, na leo nimejua kazi inayofanywa na mtu anapolala chali na kuhesabiwa. Hili la pili najiogopa nalo. Nimeliandika ili mniulize.

Lori lilitushusha Ruangwa, tukafika nyumbani jua linazama, weupe wa unga kichwani mpaka miguuni, mke wangu akauliza nani amefanya nini na hakuna aliyetaka kuanza. Jioni tumekula ugali wa mtama na mbaazi, mkwe na wanawake ndani, mimi barazani, kama kawaida. Nilisikia mkwe anasema, Somoe, mwambie baba yako mbaazi zimebaki. Somoe alikuwa anatafuna. Akaendelea kutafuna. Nikasubiri, na ndani nako wakasubiri, mpaka mkwe akasema kwa sauti, akiuambia ukuta, kwamba mbaazi zimebaki, na mimi nikaujibu ukuta, nikapelekewa bakuli, nikazimaliza.